Wakitengeneza Mwingine Kama Mimi

Ukumbi wa video ninaouzungumzia uko mtaa wa Sarang'ombe, Nairobi, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Ukiingia mchana inakubidi usimame kwanza mlangoni macho yazoee giza, la sivyo utamkalia mtu. Mimi nimekaliwa mara nyingi. Mabenchi ni ya kanisa lililohama, televisheni ni kubwa kuliko meza inayoibeba, na filamu zote, ziwe za Wachina au za Wazungu, huja zimeshatiwa sauti ya mtu wetu mmoja wa Nairobi anayezisimulia kwa Kiswahili na Sheng juu ya maneno ya waigizaji. Huyo msimulizi hatujawahi kumwona. Akiona mazungumzo ya wenyewe yanachosha, huyatupa na kuweka yake, na mara nyingi yake huwa bora. Nimewahi kumsikia mfalme wa nchi ya theluji akilalamikia bei ya unga mpaka vita vikaisha.

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule moja karibu na mtaa wa Ayany, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba darasa langu la kweli liko katika ukumbi huo. Shuleni nikiuliza swali, wanafunzi hutazama dirishani. Ukumbini mambo ni mengine, kwa sababu mwenye ukumbi ana desturi yake. Hadithi ikifika mahali pagumu, hata kama watu wanafuta machozi, yeye husimamisha picha na kusema, "Haya, kortini." Hapo hakuna kuendelea mpaka swali lipate jibu, au watu wachoke, au mtu akunjwe shati. Tumewahi kujadili kama mtu aliyeota ameua anapaswa kuomba msamaha. Mama anayekaanga mandazi mlangoni akaingia na mwiko mkononi na kusema anapaswa, maana yeye aliwahi kumwota mumewe na mwanamke mwingine na akamfanya aombe msamaha kabla ya kunywa chai. Picha ikaendelea.

Katika korti hiyo mimi nilikuwa kama jaji mkuu. Si kwa kuchaguliwa, bali kwa kuwashinda wengine kwa maneno. Neno "kimantiki" nililileta mimi Sarang'ombe, na siku hizi hata makanga wa matatu wanalitumia.

Mchumba wangu hakupenda sinema. Kwao ni mtaa wa Kawangware 46, baba yake ana ploti ya vyumba vya kupangisha na ni mzee wa kanisa, naye mwenyewe anauza katika duka la dawa, kazi inayomfunza mtu kutoamini hadithi. Mteja akianza kueleza kikohozi chake kilivyoanza, yeye huwa ameshafungua kabati. Kwa nini aliniamini mimi, mtoto wa watu wa ziwani anayeishi chumba cha kupanga na kubishana gizani, sijui, na sikutaka kuuliza. Jumapili moja, ruracio ikiwa imekaribia, yaani siku ya wazee wangu kwenda kwao kuzungumzia mahari, alitoka kanisani akaja aone hicho kinachoninyima usingizi. Nilimpangusia benchi kwa kitambaa changu.

Filamu ya siku hiyo ilimhusu daktari mmoja aliyefiwa na mkewe, au aliyedhani amefiwa, maana gari lilitumbukia mtoni na mwili haukuonekana. Kampuni fulani ikamtengenezea mke mwingine. Si mwanasesere, ni mtu kamili, mwenye sauti ile ile na kicheko kile kile na kumbukumbu zote za marehemu, hata ile ya siku waliyogombana kwa sababu ya paka. Kumbukumbu hizo walizipata wapi, msimulizi wetu hakueleza. Alisema tu, "Hayo ni mambo ya majuu, usiulize." Wakaishi raha mustarehe. Kisha jioni moja mlango ukabishwa, na aliyebisha ni mke wa kwanza, amekonda, amelowa, amerudi.

"Ona sasa," msimulizi akasema. "Original amerudi, na feki ako jikoni anapika."

Picha ikasimama. "Haya, kortini."

Wa kwanza kuinuka alikuwa muuza mitumba, jirani yangu, mtu anayeipima dunia nzima kwa marobota ya nguo. "Nguo ya mtumba ikiwa kamera, ile ya kwanza kabisa kwa bale, inashinda ya duka," akasema. "Huyu wa jikoni ni kamera. Abaki." Fundi wa pikipiki akapinga. "Boda yangu nimebadilisha injini, tanki, mpaka fremu. Na bado ni ile ile. Juu ya nini? Logbook. Bibi ni mwenye cheti cha ndoa." Mtu wa nyuma akauliza cheti kiko wapi. Mwingine akamjibu kiko kwa nyumba, kwa droo. "Basi ni wa jikoni," fundi akasema, akakaa, na ilionekana wazi kwamba jibu lake limemuudhi mwenyewe.

Nilikuwa nasafisha koo niwaeleze walipokosea wote wawili, mchumba wangu akanigeukia. Hakupaza sauti, lakini pale ndani hata mnong'ono husikika.

"Na wewe? Wakitengeneza mwingine kama mimi, na kila kitu yangu, utajua?"

Mwanaume mwenye akili angesema, "Nitajua, mpenzi," kisha angeomba picha iendelee. Mimi niliulizwa swali la falsafa mbele ya watu wanaoniheshimu. Nikasema kwamba kimantiki siwezi. Kama hakuna tofauti yoyote, basi hakuna cha kunijulisha. Muuza mitumba akapiga makofi. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikaongeza kwamba hata nisingekuwa na sababu ya kulalamika.

Stima ikapotea wakati huo huo, na mpaka leo sijui filamu ile iliishaje. Tulipotoka nje jua lilitupiga usoni. Yeye alitembea mbele, haraka, akiruka mtaro kama mtu aliyezaliwa hapo.

"Kwa hivyo ungetosheka," akasema bila kugeuka.

"Hilo lilikuwa swali la kinadharia tu."

"Mimi si wa kinadharia."

Nikamwambia asichanganye hoja na moyo. Naona sasa kwamba sentensi hiyo haijawahi kumsaidia mwanaume yeyote.

Lazima nieleze desturi ya kwao, kwa sababu kila kitu kiliangukia hapo. Siku ya ruracio msichana hufunikwa leso kuanzia utosini hadi karibu na vidole vya miguu, akapangwa pamoja na wanawake wengine wa kimo chake, nao wamefunikwa vivyo hivyo. Bwana harusi humtafuta kwa macho tu, bila kumgusa mtu wala kumsemesha. Akichagua vibaya anatozwa faini na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kisichosemwa hadharani ni kwamba wengi hawachagui kwa uchawi. Msichana humpa mtu wake ishara, mmoja akakohoa, mwingine akapaka kucha rangi fulani. Sisi tulikuwa tumekubaliana kidole gumba cha mguu wa kushoto. Angekitikisa, nami ningejifanya nimewaza sana, kisha ningemchagua.

"Hakuna kidole," akaniambia tulipofika barabarani.

"Na nikikukosa?"

"Ukinikosa, wazee watakula, wataenda nyumbani, na mimi nitaambia baba tungoje kwanza."

"Tungoje nini?"

"Sijui. Lakini siwezi olewa na mtu anaweza kaa na mwingine kama mimi na asisikie kitu."

Nilikasirika, na sitajifanya sikukasirika. Jibu langu lilikuwa sahihi, na bado naamini lilikuwa sahihi. Lakini nilimpenda yule mwanamke kiasi cha kuogopa, na usiku nililala nikihesabu mabati ya dari. Mtu anaweza kushinda kesi kortini na bado akarudi nyumbani bila mke.

Habari zilienea ukumbini kabla sijazieneza. Fundi wa pikipiki akanishauri nisikilize pumzi, kwani yeye hujua injini mbovu kabla ya kuiona. Muuza mitumba alijitolea zaidi. Alileta leso, akawafunika dada zake wawili na mteja mmoja aliyekuwa akipita kutafuta jaketi, akaniagiza nimtambue dada yake mkubwa kwa kutazama nguo inavyoanguka begani. Nilimchagua mteja. Baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, aliwasili kutoka ziwani na mfuko wa samaki wakavu, akasikiliza mambo yote hayo akiwa amefumba macho.

"Kwetu mtu anaoa mtu anayemwona," akasema. Kisha akauliza kama nimefikiria kwenda na tochi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimejitapa kwa swali la wale wanawake wawili kana kwamba limezaliwa kwenye filamu. Nyanya za mchumba wangu hawakuwa wameiona filamu hiyo, na wangeiona wangelala katikati. Lakini waliliuliza swali lile lile tangu kabla ya umeme kufika, tena hawakuliuliza kwa mdomo. Walikusimamisha mbele ya watu wanaofanana wakakwambia, haya, nenda.

Siku yenyewe hema lilisimamishwa katikati ya ploti, vyumba vya wapangaji vikiwa pande zote. Wapangaji hawakualikwa, ila mtu hawezi kuzuiwa kukaa kwenye mlango anaoulipia kodi, kwa hiyo walikaa, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, na watoto mapajani. Baba yake alikaa mbele na kikombe cha chai. Wazee wangu walikaa upande wa pili wakiwa wamevaa makoti yote waliyonayo. Akina mama wakaanza kuimba ndani ya nyumba, mlango ukafunguka, wakatoka wanawake sita wa leso, wakishikana mabega kama vipofu, wakapangwa mstari mmoja.

"Kijana," shangazi yake akaniambia, "chukua mtu wako."

Nikapita. Nilimsikiliza wa kwanza pumzi, na nilichosikia ni pumzi yangu. Nilitazama leso ya wa pili inavyoanguka begani, ikaanguka kama leso. Wa tatu alikuwa na kimo chake kabisa. Wa nne vilevile. Nikafika mwisho wa mstari, nikarudi mwanzo, na watu wakaanza kucheka taratibu, kicheko cha kupasha moto.

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kwa namna nisiyoitarajia. Sikuwa na hofu tena. Nilikuwa mpweke. Yule mwanamke akiwa karibu, mimi huwa najisikia naangaliwa. Hata akiwa amenipa mgongo akipanga dawa kwenye rafu, mkono wangu huenda wenyewe ukavuta shati liingie ndani ya suruali. Siku hiyo nilikuwa nimepita mbele ya wanawake sita, shati limetoka nyuma lote, na mkono wangu ulikuwa umelala tu. Nilimkosa pale pale, kwa uchungu, kama mtu aliyesafiri. Nilitaka aje anicheke.

"Hayuko," nikasema.

Kicheko kikakatika. Baba mdogo alinijia haraka, akaniwekea mkono begani. "Chagua mtu," akanong'ona. "Chagua yeyote. Faini tutalipa, hiyo ni kazi yetu."

"Hayuko, baba."

"Utatuaibisha. Hawa ni watu wazima wamejifunika tangu asubuhi."

Baba mkwe, ambaye wakati huo hakuwa bado baba mkwe, akaweka kikombe chini. "Amesema nini?"

"Ati hayuko," mpangaji mmoja akamjibu kutoka kwenye ndoo yake.

"Una hakika?" shangazi akaniuliza. "Angalia tena, pole pole."

"Sina hakika," nikasema. "Lakini hayuko."

Kama mwanafunzi wangu angeniandikia sentensi hiyo kwenye insha, ningeipiga mstari mwekundu. Shangazi alinitazama sana. Kisha akaanza kuvuta leso, moja moja. Wa kwanza alikuwa binamu yake. Wa pili jirani. Wa tatu na wa nne walikuwa waimbaji wa kwaya. Wa tano akatoka kaka yake mkubwa, mwenye ndevu, akifuta jasho na kuuliza kama chakula kimeiva. Wa sita alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye inaonekana kukosa kualikwa hakukumzuia kuwa bibi harusi. Vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Baba mdogo alinikumbatia, akawageukia wenyeji, akawaeleza kwamba watu wa ziwani huona hata chini ya maji, kauli ambayo sikuwahi kuisikia kwetu.

Ningekufa wakati huo ningekufa na heshima. Lakini kuna raundi ya pili.

Wakatoka wengine sita, wakiimbiwa tena. Safari hii nilitembea kama mtu mwenye ofisi. Nilikuwa hata sijafika katikati ya mstari nilipokiona, chini ya pindo la leso ya wa tano, kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilitikisika. Kikatulia. Kikatikisika tena. Nilihisi machozi. Amenisamehe, nikajiambia. Amesikia nilivyosema kule nje, amenirudishia kidole. Sikuangalia mwingine tena. Nikaenda moja kwa moja, nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti ya jaji mkuu, "Huyu."

Shangazi akavuta leso. Alikuwa nyanya yake mzaa mama.

"Mguu umekufa ganzi," nyanya akasema akiutikisa. Kisha akanipima kwa macho kuanzia juu hadi chini. "Mimi nilishaolewa. Lakini wacha nifikirie."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mpangaji wa kwenye ndoo alianguka na ndoo yake. Wazee wangu wenyewe walicheka, wasaliti wakubwa, na baba mdogo akakubali faini ya blanketi la nyanya kabla halijatajwa. Leso ya mwisho ikavuliwa. Mchumba wangu alikuwa wa sita, bega kwa bega na nyanya, karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Hakucheka. Nilishusha macho, nikajipapasa kiunoni, na nikakuta shati langu limeingizwa ndani vizuri, mbele na nyuma. Sikukumbuka nimeliingiza saa ngapi. Nilikuwa nikitafuta kidole.

Chakula kilipotolewa sikula. Nilimkuta nyuma ya hema, karibu na tangi la maji, akikwangua sahani na kuzipanga kwenye karai. Nilisimama pale nikishika sahani yangu iliyojaa. Nilitaka kumwambia kuhusu kidole, kuhusu hesabu yangu ilivyokuwa sahihi ila mguu ndio uliokuwa wa mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona afadhali ninyamaze.

"Raundi ya kwanza," akasema, "ulijuaje siko?"

"Sikujua. Nilijisikia niko peke yangu."

"Na hema imejaa watu."

"Imejaa, ndiyo."

Akakwangua sahani moja kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa safi. "Na ya pili? Nilikuwa karibu mpaka nikakusikia ukimeza mate."

"Ya pili niliona kidole."

"Si nilikuambia hakuna kidole?"

"Uliniambia."

Kutoka hemani tulisikia baba mdogo akisimulia upya jinsi nilivyomchagua nyanya, na nyanya akimsahihisha. Nilijua kwamba alichoahidi kumwambia baba yake angeweza kumwambia saa hiyo hiyo, na kwamba nisingekuwa na hoja. Nikamwomba anisamehe. Sikutaja ni kwa lipi.

"Kunikosa nikiwa hapa, hiyo hata baba hufanya," akasema. "Anaingia kwa nyumba anauliza mama ako wapi, na mama ndiye amemfungulia mlango." Akaiweka ile sahani juu ya nyingine. "Lakini kuingia tu, ujue mtu hayuko, kabla hata hujamuita? Hiyo sijaona mtu akifanya."

Akainua karai, akalitazama, akaona ni zito, akanipa mimi.

"Beba hii," akasema, "na uambie wazee wenu wasitoke. Baba anataka kuongea nao."